Duka Lililohamia Kwenye Simu
Wanaosema kwamba korona ndiyo iliyoleta ununuzi wa mtandaoni nchini Kenya wanasahau miaka 13 iliyotangulia. M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, ilianza Machi 2007, na Jumia, duka la mtandaoni, ikafuata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa na kafyu kuwekwa, njia ya malipo ilikuwa tayari mfukoni. Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, ikaondoa kwa muda hata ada ya kutumiana kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Bodaboda wakafikisha unga na sabuni mlangoni, na mnunuzi akakwepa msongamano wa sokoni, faida isiyo ndogo wakati wa maradhi.

Yuko atakayeuliza: mbona basi Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ilhali huko nako watu walikuwa wakilipana kwa simu? Pingamizi hilo lina uzito. Linaonyesha kwamba malipo peke yake hayajengi soko. Anahitajika pia mteja anayeamini asichokishika. Na hapo ndipo penye hasara, kwani kiatu hakijaribiwi kwenye picha, wala nyanya haibonyezwi. Mama mboga asiye na simu janja alibaki kwenye genge lake, akisubiri wapita njia waliopungua.