Mugunga: barabara iliyojengwa na waliokimbia

Ukitoka katikati ya mji wa Goma kwa barabara ya Sake, unapita Ndosho, halafu unajikuta Mugunga bila kujua uliingia saa ngapi. Maduka hayakatiki: unga, simu, mabati, saluni, nganda, farmasi, kisha unga tena. Kijana wa leo akiambiwa kwamba hapa palikuwa kijiji chenye vibanda vichache kando ya njia, anadhani ni hadithi za wazee. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na wengi wenu mnaotusikiliza mmo ndani ya historia ya barabara hii.

Kijiji kile kilikaa juu ya mawe ya volkano, kati ya Ziwa Kivu na mbuga ya Virunga. Udongo kidogo, mawe mengi. Na mazuku pia, ile hewa mbaya inayolala mabondeni na kuua mbuzi, hata mtu. Mgeni alionyeshwa kwanza mahali pasipolalwa, ndipo aulize panapouzwa ndizi. Biashara ilikuwa ya wapita njia. Chukudu zilishuka kutoka upande wa Masisi na makala, viazi na mikungu ya ndizi, msukumaji akasimama, akanywa kasiksi, akaendelea mjini.

Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, na moja ya kambi kubwa ikawa Mugunga. Kambi iligeuka mji. Ilikuwa na soko lake, wachinjaji, washonaji, hata baa. Mwanakijiji aliyezoea kuuza mkungu mmoja kwa siku alijikuta jirani ya wateja maelfu. Hiyo haikuwa neema tupu: kipindupindu kiliua watu wengi mno mwaka ule, na miti ya mbuga ilikatwa kwa ajili ya kuni. Novemba 1996 vita vilifika kambini, na umati ule ukarudi Rwanda kwa miguu. Soko likabaki turubai zilizopasuka. Ni mara ya kwanza barabara hii kujaa hivyo, na mara ya kwanza kuachwa tupu.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Moto ulipita katikati ya mji na kufunika maduka makubwa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka mama amebeba sufuria ya maharagi ambayo hayajaiva, tukikimbilia upande wa Sake na watu wote. Baadaye wengi waliopoteza nyumba walitafuta viwanja huku magharibi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kijiji kilianza kuwa mtaa wa mji. Kila aliyehamia alihitaji mbao, misumari na mabati, kwa hiyo mafundi seremala na wauza mabati wakapanga vitu vyao mbele ya barabara. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, sababu kuchimba msingi katika mawe yale ni kazi ya mwenye pesa. Aliyejenga kwa matofali alionekana tajiri, au mtu mwenye imani kubwa kwamba hatakimbia tena.

Walikimbia tena. Vita vya 2007 na 2008 vilileta watu wa Masisi na Rutshuru katika kambi mpya za Mugunga. Novemba 2012 M23 iliingia Goma kwa mara ya kwanza. Mei 2021 volkano ililipuka tena, na serikali ilipoamuru mitaa kumi ya mji ihame, barabara hii ilijaa magodoro na watoto kutoka upande huu hadi ule, wote wakielekea Sake. Wenye butiki walifunga, wakakimbia pamoja na wateja wao.

Lakini kilichobadilisha barabara kuliko yote ni miaka ya 2022 hadi 2024. Kambi za Lushagala na Bulengo zilijaa, na biashara ikajifunza vipimo vidogo. Duka lililouza unga kwa gunia likaanza kuuza kwa kikombe. Mafuta yalifungwa katika vifuko vidogo vya kupikia mara moja. Makala yaliuzwa kwa fungu la kuivisha chungu kimoja. Mwenye jua na betri alichaji simu kwa faranga chache, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya farmasi. Wanamama wa kambini walibeba mizigo, wakafua nguo za wenyeji, jioni wakaacha zile faranga palepale barabarani. Tulizoea kusema wakimbizi wanasaidiwa. Ni kweli, lakini nao waliilisha barabara hii.

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za hapa na kuua watu zaidi ya kumi, watoto wakiwemo. Januari 2025 M23 ilichukua Goma. Benki zikafungwa, na noti iliyochanika kidogo ikaanza kukataliwa hata kwa muuza sombe. Februari waliokuwa kambini waliambiwa waondoke kwa siku chache tu. Walibomoa vibanda vyao wenyewe, wakafunga turubai mgongoni, wakapita mbele ya maduka yaleyale.

Mama mmoja muuza unga alinifungulia daftari lake la madeni. Wengi hawakuandikwa kwa jina. Kuna «mama wa Kitshanga mwenye mapacha», kuna «baba wa Bihambwe, kofia nyekundu», kuna «bibi wa Sake, vikombe 3». Hajafuta hata mstari mmoja. Sasa anauza vikombe vichache kwa siku, na mbao mbili za mbele ya butiki amezigeuza kuni.

Siku moja simu yake ililia: faranga 5 000 zimeingia, zimetumwa kutoka Masisi. Simu ilionyesha jina la mtumaji, lakini jina hilo halimo daftarini. Alipiga namba ile mara mbili, haikupatikana. Nilipomwacha alikuwa bado anapitisha kidole kwenye mistari, akitafuta afute upi.