Dadu za Pepys na Hesabu ya Binomia

Novemba 1693 Samuel Pepys, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa shughuli za jeshi la majini la Uingereza, alimwandikia Isaac Newton swali la kamari. Watu watatu wanarusha dadu. Wa kwanza ana dadu 6 na anatafuta sita moja. Wa pili ana 12, anatafuta sita mbili. Wa tatu ana 18, anatafuta sita tatu. Nani ana nafasi kubwa zaidi ya kushinda? Ukitazama juujuu wote wako sawa, lakini Pepys alimpendelea wa tatu.

Kabla ya kuhesabu, Newton alitaka swali linyooshwe: ni sita moja tu, au angalau moja? Likakubaliwa la “angalau”. Kisha akahesabu namna za kushindwa. Dadu 6 huweza kuanguka kwa namna 46,656, na katika hizo 15,625 hazina sita hata moja. Zinabaki 31,031 za ushindi, yaani uwezekano wa 0.665.

Kwa mwenye dadu 12 kazi ni kubwa kidogo. Hushindwa asipopata sita yoyote, na hushindwa pia akipata moja tu. Sita hiyo moja inaweza kutokea kwenye dadu yoyote kati ya zile 12, kwa hiyo uwezekano wa mpangilio mmoja huzidishwa mara 12. Kuzidisha huko ndiko kiini cha mgawanyo wa binomia: idadi ya mipangilio, mara uwezekano wa yanayotakiwa, mara uwezekano wa yasiyotakiwa. Idadi za mipangilio husomwa katika pembetatu ya Pascal, ambayo wanahisabati wa Uajemi na Uchina waliijua karne nyingi kabla ya Pascal mwenyewe. Mchezaji wa pili hupata 0.619, na wa tatu 0.597. Pepys alikuwa amekosea.

Newton alijaribu pia kumweleza kwa maneno matupu, na hapo aliteleza. Mwaka 2006 mwanatakwimu Stephen Stigler alionyesha kwamba hoja hiyo haina mashiko, kwa kuwa haitegemei uwezekano wa dadu yenyewe. Chukua sarafu badala ya dadu: kupata angalau kichwa kimoja katika 6 ni 0.984, na angalau viwili katika 12 ni 0.997. Mpangilio umegeuka.

Kanuni ya jumla ya hesabu hii ya binomia ilichapishwa Basel mwaka 1713, katika kitabu cha mwanahisabati Jacob Bernoulli, aliyefariki 1705. Ugumu uliosalia ulikuwa wa jasho tu, maana majaribio yakiwa maelfu, hakuna awezaye kuzidisha yote kwa mkono. Mwaka 1733 Abraham de Moivre, mkimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa aliyeishi London, alipata njia ya mkato. Kwa majaribio 3,600 yenye nafasi sawa, alikadiria kuwa uwezekano wa idadi ya mafanikio kuangukia kati ya 1,770 na 1,830 ni 0.682688.