Daktari wa Wachimba Makaa

Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Trinidad, jimbo la Colorado, Marekani, mfanyakazi wa ustawi wa jamii alimwendea daktari wa upasuaji Stanley Biber na ombi lake binafsi. Walifahamiana kikazi. Alikuwa akimpelekea watoto wenye mdomo sungura, na alipenda jinsi mikono ya daktari huyo ilivyowarudishia watoto sura. Sasa alitaka kujua kama angeweza kumpasua yeye. Biber akajibu kwamba bila shaka anaweza, kisha akauliza ni upasuaji gani. Mama yule akamweleza: alizaliwa na mwili wa kiume, anaishi kama mwanamke, na anataka mwili ufuate.

Daktari alikuwa amekwisha kukubali jambo asilolijua hata kwa jina.

Angeweza kujitoa kwa adabu na hakuna ambaye angemlaumu. Siku hizo miji mingi ya Marekani ilikuwa na sheria ndogo za kumkamata mtu kwa nguo alizovaa, zikionekana si za jinsia yake. Christine Jorgensen, Mmarekani aliyetikisa magazeti ya dunia mwaka 1952, ilimbidi avuke bahari hadi Denmark kupata matibabu. Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ilifungua kliniki yake mwaka 1966, lakini waliopokelewa walikuwa wachache na mlango wake ulikuwa mwembamba. Waliobaki walihangaika, na wengi walipogonga kwa madaktari walifukuzwa.

Biber akachukua simu. Akazungumza na Harry Benjamin wa New York, daktari aliyetumia miaka mingi kuwatibu watu wa aina hii na ambaye tayari alikuwa akimhudumia mgonjwa huyo. Kisha akawaomba wenzake wa Johns Hopkins msaada, nao wakampelekea michoro ya mkono inayoonyesha hatua za kazi. Kwa michoro hiyo akaingia chumba cha upasuaji. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba ile kazi ya kwanza haikupendeza macho, ila mgonjwa aliridhika.

Hakuwa mtu wa kuogopa kazi ngumu. Alizaliwa Iowa mwaka 1923, na ujana wake uligawanyika kati ya kupiga piano na kufikiria kuwa rabi. Alipokuwa daktari, alipelekwa kwenye vita vya Korea, akapasua majeruhi katika hospitali ya mahema. Mwaka 1954 akafika Trinidad kufanya kazi katika kliniki ya chama cha wachimba migodi. Huko alikuwa daktari wa kila kitu: mifupa iliyovunjika, vidole tumbo, matonsili, uzazi. Pembeni alifuga ng'ombe, na katika miaka ya 1990 wapiga kura walimchagua kuwa kamishna wa kaunti ya Las Animas.

Mji wenyewe ulikuwa na historia ya jasho na damu. Umekaa karibu na mpaka wa New Mexico, na barabara zake za zamani zimetandikwa matofali mekundu yaliyopigwa chapa ya jina lake. Makaa ya mawe yaliwavuta Wagiriki, Waitalia, Wameksiko na Waslavi. Aprili 20, 1914, kaskazini mwa hapo, wanamgambo wa jimbo walishambulia na kuchoma kambi ya mahema ya wachimba makaa waliogoma huko Ludlow. Wanawake 2 na watoto 11 walikufa ndani ya shimo walimojificha. Miezi michache kabla ya hapo, mtetezi maarufu wa wafanyakazi, Mother Jones, alikuwa amewekwa kizuizini katika hospitali ya masista, Mt. San Rafael. Ni hospitali hiyo hiyo ambayo Biber alikuja kufanyia kazi yake.

Masista walikuwa mtihani wake wa kwanza. Hospitali iliasisiwa na watawa wa Kikatoliki, na bado walikuwa na neno kubwa. Kwa hiyo mafaili ya wagonjwa wa mwanzo hayakuwekwa kabatini pamoja na mengine. Yalifungiwa kwenye kasha la chuma la ofisi ya utawala. Siri ya namna hiyo haidumu katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake. Biber akaona bora aseme mwenyewe. Akakaa na masista, akakaa na wachungaji wa mjini, akawaeleza wagonjwa hawa ni nani na wanapitia nini. Wakamkubalia aendelee.

Wapo wanaopenda kusema kwamba mji uliojengwa na wageni lazima uwapokee wageni. Maelezo hayo ni matamu kupita kiasi. Ipo miji mingi ya wahamiaji iliyofunga milango yake. Fedha pia ilisema. Migodi ilikuwa ikifungwa, vijana wakihama, na wagonjwa waliotoka mbali walilipa hospitali, wakalala hotelini, wakala mikahawani. Wala dhihaka haikukosekana: vichekesho vya Trinidad vilisambaa nchi nzima, na wenyeji wengine walichukia mji wao kujulikana kwa jambo hilo. Lakini hesabu ya fedha peke yake haitoshi. Biber alikuwa amezalisha watoto wa watu hawa na kuwashona baba zao waliporudi na majeraha ya mgodini. Aliposema kwamba wageni wake ni wagonjwa kama wengine, alikuwa na deni la imani la kudai, na mji ukalilipa.

Johns Hopkins, yenye jina na maprofesa, iliacha upasuaji wa kubadili jinsia mwaka 1979. Mji wenye watu wapatao 9,000 ukaendelea. Inakadiriwa kwamba Biber alifanya upasuaji zaidi ya 4,000 kabla ya bima ya udaktari kumshinda kwa bei mwaka 2003, umri ukielekea 80. Alifariki Januari 2006.

Aliyemrithi ni Marci Bowers, daktari wa wanawake kutoka Seattle, naye ni mwanamke aliyebadili jinsia. Alikaa Trinidad hadi 2010, kisha akahamia California. Kabla ya kuondoka alikuwa ameongeza kazi nyingine aliyojifunza Ufaransa kwa daktari Pierre Foldès: kuwatibu wanawake waliokeketwa, bila kutoza ada yake ya upasuaji. Baadhi yao walikuwa Waafrika wanaoishi Marekani, waliosafiri hadi kwenye mji huo wa makaa ambako hawakumjua mtu hata mmoja. Mwaka 2017 Bowers alikwenda Nairobi, akawapasua wanawake wa Kenya waliopitia kisu cha ukeketaji, huku akiwafundisha madaktari wa hapo namna ya kuifanya kazi hiyo wenyewe.