Kahawa Inayouzwa Ingali Ua

Mara nyingi twaulizwa na watu wa Omurushaka, pale magari ya Kyerwa yanapokutana na ya Kayanga, kama fedha yaleta furaha, na kama mwenye mali aweza kuizidisha bila kumdhulumu mtu. Hatutajibu kwa maneno matupu. Na tutazame habari za Karagwe yetu.

Hapo kale mali ya Karagwe ilikuwa ng'ombe. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika, wakaustaajabia ukarimu wake, maana hakuwatoza hongo kama wakuu wengine wa njiani. Miaka thelathini hivi baadaye sotoka ilipita ikateketeza makundi, na aliyelala tajiri akaamka maskini. Kahawa nayo ilikuwapo, walakini kazi yake kubwa ilikuwa heshima: ilichemshwa, ikakaushwa, mgeni akapewa mkononi aitafune. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikavuka ziwa hata Bukoba, njia ya ng'ambo ilifunguka, na mbuni ukawa mti wa kodi, wa mabati na wa ada za shule.

Pamoja na fedha hizo likaja jambo ambalo kila nyumba yalijua: butura. Mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali ua mtini. Mtoto ataka sare mwezi wa Januari. Mavuno ni Mei na kuendelea. Mwenye fedha humpa kidogo leo, kisha huja kuchukua gunia zima. Tuseme amempa theluthi ya bei: kwa miezi mitano au sita amejipatia riba ya shilingi mia mbili kwa kila mia, na neno riba halikutajwa kamwe. Siku ya kupeana fedha wote wawili walicheka. Furaha ilikuwapo, hatukatai. Ilidumu mpaka sare ilipochakaa.

Sisi walimu na wahubiri tumezoea kumlaumu mwuzaji. Humtaja Esau, aliyetoa haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Ni kweli, Esau alikosa. Lakini ni mara ngapi tumemhubiri Yakobo, mwenye chungu, aliyemwona ndugu yake amechoka kwa njaa, asimpe bakuli ila kwanza wapatane bei? Sheria ya Musa katika kitabu cha Walawi yaagiza shamba liuzwe kwa hesabu ya mavuno yaliyosalia, mtu asimpunje mwenziwe. Kununua na kuuza hakukukatazwa; lililokatazwa ni kuifanya shida ya jirani kuwa mzani.

Wazee wetu walitambua ya kuwa mwenye nguvu sokoni ni yule awezaye kungoja. Ndiyo sababu ya ushirika. Chama kikuu cha Bukoba kiliandikishwa mwaka 1950. Vyama vikuu vikafutwa na serikali mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, na Karagwe ikapata chama chake, KDCU, mwaka 1990. Baada ya miaka michache wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na wengine walifika na fedha mkononi wakati chama hakina kitu. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ipite katika vyama vya msingi, na butura ikakatazwa kwa ukali.

Lakini amri haimpikii mtu chakula. Chama kikikawia kulipa, mkulima aliyekwisha kutoa gunia lake amekikopesha chama bila riba. Naye usiku humtafuta mtu wa butura, au huvusha kahawa kwenda Uganda. Hapo chama, ingawa ni mali ya wakulima wenyewe, kimekuwa Yakobo wa pili.

Kwa hiyo twawauliza wajumbe, kabla ya mkutano wa hesabu: mwezi wa Januari sandukuni mna kiasi gani kwa ajili ya mwanachama mwenye mtoto wa kuandikishwa shule? Katika vikundi vya kuweka na kukopa, akina mama hutoa akiba yao kidogo kidogo, humkopesha mwenzao mwenye shida, naye hulipa kwa nyongeza ndogo baada ya mavuno. Gunia hubaki nyumbani mwake, akaliuza kwa bei ya mwezi wa Julai.