Lisbon kwa bajaji ya umeme: safari ya mtalii na historia inayotugusa

Bajaji tunaijua sote. Hubeba abiria watatu, gunia la mahindi na kuku wawili, ikapanda kilima huku injini ikilia. Katika jiji la Lisbon, mji mkuu wa Ureno, chombo hichohicho cha magurudumu matatu kina kazi nyingine. Kinatembeza watalii, kinatumia umeme, na dereva wake ndiye mwongoza wageni. Wenyeji wanakiita tuktuk, jina lilelile wanalotumia ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi.

Katika makala haya tunaeleza jinsi safari hiyo inavyofanyika, kwa nini umeme umeshinda injini katika jiji lile, na mambo gani mgeni huonyeshwa. Tunaeleza pia jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki: sehemu ya dhahabu inayoonyeshwa Lisbon ilitoka Kilwa.

Kwa nini magurudumu matatu?

Lisbon iko kando ya mto Tagus, karibu na mahali unapoingia katika Bahari ya Atlantiki. Husemwa kuwa imejengwa juu ya vilima saba. Mitaa yake ya zamani ni myembamba, imepinda, na mingine ni ngazi tupu. Basi kubwa la watalii haliwezi kuipita. Kwa miguu inawezekana, lakini mzee au mtu mwenye mtoto mgongoni atachoka kabla ya kilima cha pili.

Jiji limekuwa na tatizo la vilima tangu zamani. Treni ndogo za umeme za mitaani zilianza kazi mwaka 1901, na ile ya namba 28 bado hupanda na kushuka katika mitaa ya kale ikiwa imejaa watu. Yapo pia mabehewa yanayovutwa kwa kamba ya chuma kwenye miteremko mikali. Moja ya njia hizo, Glória, iliyofunguliwa mwaka 1885, ilipata ajali tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakafa. Usafiri wa mlimani unaweza kuonekana mchezo kwa mtalii, lakini breki zake ni suala la uhai.

Bajaji za watalii zikaingia katikati ya hali hiyo. Chombo ni kifupi, kinageuka mahali padogo, kiko wazi pande zote, na abiria anamsikia dereva akieleza. Mteja hukodi kwa saa, akachagua njia, na anaweza kusimama apige picha.

Umeme unasaidiaje mlimani?

Aliyeendesha bajaji ya petroli anajua kazi ya kuondoka kilimani ukiwa na mzigo. Injini inahitaji kuzunguka kasi kwanza ndipo ipate nguvu. Dereva anabana klachi, anaweka gia ya kwanza, anaongeza mafuta, na moshi unatoka. Mota ya umeme haiko hivyo. Inatoa nguvu yake kubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na kwa sababu hiyo inafaa kwenye kilima.

Faida ya pili iko kwenye mteremko. Katika vyombo vingi vya umeme, dereva anapoachia mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta ndogo. Inakizuia chombo kisikimbie, na wakati huohuo inarudisha umeme kiasi kwenye betri. Haijazi betri, lakini inapunguza mzigo wa breki.

Faida ya tatu ni ukimya. Katika mtaa ambao dirisha la jikoni liko hatua mbili kutoka barabarani, injini inayonguruma kutwa ni adha. Umeme umepunguza kelele na moshi.

Upo upande wa pili pia. Betri ni ghali, inachukua saa nyingi kuchaji, na nguvu zake hupungua kwa miaka. Tena magurudumu matatu yana tabia yake: ukikata kona kwa kasi, chombo chaweza kupinduka. Barabara za Lisbon zimepangwa kwa mawe madogo, ambayo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Kwa hiyo dereva mzuri huenda polepole, hasa akishuka.

Mgeni anaonyeshwa nini?

Safari nyingi huanza katikati ya jiji, sehemu inayoitwa Baixa, maana yake sehemu ya chini. Hapo mitaa imenyooka kama mistari ya daftari. Sababu yake ni msiba.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yalikuwa yamejaa waumini na mishumaa inawaka. Ardhi ikatetemeka. Makanisa, nyumba na jumba la mfalme vikaporomoka. Waliokimbilia ukingo wa mto kuepuka kuta wakakutwa na mawimbi makubwa yaliyopanda kutoka baharini. Kisha moto uliendelea kwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Mfalme José wa Kwanza, ambaye siku hiyo alikuwa nje ya katikati ya jiji, alinusurika, lakini baada ya hapo aliogopa kulala ndani ya kuta za mawe, akajengewa makazi ya mbao.

Waziri wake, aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya. Mafundi waliweka ndani ya kuta fremu za mbao zilizopishana kama herufi X, ili nyumba ikitikiswa iyumbe bila kuanguka. Aliyewahi kusuka fito kabla ya kukandika udongo ataelewa wazo hilo upesi: mti unapinda pale ambapo jiwe linavunjika.

Kutoka Baixa chombo hupanda kuelekea Alfama, mtaa wa kale ambao sehemu yake kubwa ilinusurika. Jina lenyewe lina asili ya Kiarabu, kutoka neno la chemchemi za maji moto, lililo ndugu na neno letu hamamu. Waislamu walitawala Lisbon kwa zaidi ya miaka 400, mpaka mwaka 1147 ilipotekwa na mfalme Afonso Henriques. Juu ya kilima iko ngome ya São Jorge. Chini yake ni nyumba zilizobanana, nguo zimeanikwa madirishani, na kuta zina vigae vya rangi ya buluu na nyeupe. Hata jina la vigae hivyo kwa Kireno, azulejo, limetoka Kiarabu.

Kituo kingine ni uwanja wa Carmo, palipo magofu ya kanisa lililopoteza paa lake katika tetemeko lile. Kwetu sisi uwanja huo una uzito mwingine. Tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi wa Ureno waliochoshwa na vita vya makoloni waliipindua serikali yao, na waziri mkuu Marcelo Caetano alijisalimisha katika kambi iliyo hapo. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikapata uhuru. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Wazee wa Mtwara na Ruvuma wanaokumbuka wakimbizi wakivuka Ruvuma wanaijua habari hii bila kuongozwa na mtu.

Dhahabu ya Kilwa iko wapi?

Kilomita kama 6 magharibi ya katikati ya jiji, kando ya mto, iko Belém. Njia ya kwenda huko ni tambarare, na betri hupumzika. Watalii huenda kuona mnara wa Belém na monasteri ya Jerónimos, majengo ya miaka ya 1500 yaliyomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1983. Ndani ya kanisa la monasteri hiyo liko kaburi la Vasco da Gama.

Jina hilo tunalijua tangu darasani. Aliondoka Lisbon Julai 1497, akazunguka kusini mwa Afrika, akafika Mombasa na kisha Malindi mwezi Aprili 1498, na kutoka Malindi akaongozwa na nahodha mwenye ujuzi wa njia ile mpaka India. Mwaka 1502 alirudi na meli nyingi zenye mizinga. Alitia nanga Kilwa, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilikuwa imeipatia Kilwa utajiri kupitia biashara ya Sofala.

Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru dhahabu hiyo itengenezewe monstransi, yaani chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kwa ajili ya watawa wa Belém. Ilikamilika mwaka 1506. Maandishi yaliyochongwa juu yake yanataja wazi kwamba dhahabu ni ya kodi ya Kilwa. Leo chombo hicho kimo katika jumba la taifa la sanaa za kale, lililo upande wa njia kati ya katikati ya jiji na Belém. Mtu akiwa ndani ya bajaji ya umeme atapita jirani yake, na asipoambiwa hatajua.

Kodi haikuiokoa Kilwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka, kisha akaenda kuishambulia na kuichoma Mombasa. Wareno wakajenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Walipoondoka waliacha maneno midomoni mwetu: meza, bendera, leso, mvinyo na karata. Neno gereza nalo kwa asili lilimaanisha kanisa.

Nani anasimulia, na anaacha nini?

Mwongoza wageni ana saa moja au mbili. Lazima achague. Ni rahisi kusimulia mabaharia mashujaa, kuonyesha mnara mkubwa wa kuwakumbuka uliopo Belém, kisha kwenda kula keki za hapo zenye sifa. Ni vigumu zaidi kusimamisha chombo katika mtaa unaoitwa Poço dos Negros, maana yake shimo la watu weusi, na kueleza kwamba jina hilo linahusishwa na shimo walimotupwa Waafrika watumwa waliokufa bila maziko. Katika karne ya 16 Lisbon ilikuwa na maelfu ya Waafrika waliofanya kazi majumbani, bandarini na mitaani. Wapo waongozaji, wakiwemo wenye asili ya Afrika, ambao wameifanya historia hiyo kuwa ndiyo safari yao.

Suala hili lina uzito, kwa sababu mgeni hurudi kwao na kile alichosimuliwa. Aliyeambiwa habari za meli tu ataamini kwamba Kilwa ilikuwa pwani tupu iliyongoja kugunduliwa, kumbe ulikuwa mji wenye misikiti ya mawe, sarafu zake wenyewe na biashara iliyofika ng'ambo ya bahari.

Wenyeji wanasemaje?

Si kila mkazi wa Lisbon anazipenda bajaji hizi. Malalamiko ni ya aina ambayo hata sisi tunayajua: vyombo vingi mno, vinaegeshwa kila mahali, vinaziba njia za watembea kwa miguu, na madereva wanagombea wateja. Kuanzia mwaka 2015 halmashauri ya jiji iliweka masharti kuhusu saa za kazi na mitaa ya kupita, na kuwasukuma wenye vyombo waache injini wahamie umeme. Umeme ulitibu moshi na kelele. Msongamano haukuutibu, kwa sababu bajaji isiyo na sauti bado inachukua nafasi ileile.

Upande wa pili wapo madereva, wakiwemo wahamiaji, ambao kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Ukifunga mtaa, umemlinda mkazi na umepunguza riziki ya dereva. Jiji linaendelea kutafuta mizani.

Sisi tunajifunza nini?

Pikipiki za umeme tayari zinaonekana Kigali na Nairobi, na bajaji za umeme zimeanza kuingia katika miji yetu. Lisbon inatuonyesha mambo matatu. Kwanza, umeme unafaa mahali penye vilima na safari fupi, mradi pawepo pa kuchaji. Pili, masharti ya maegesho na njia yawekwe mapema, kabla mitaa haijajaa. Tatu, dereva anayeijua historia ya mahali pake anauza zaidi ya kiti: anauza maarifa, na mgeni hulipia maarifa.

Kijana anayeendesha bajaji au mashua karibu na magofu ya Kilwa Kisiwani ana jambo ambalo dereva wa Lisbon hana. Dereva wa Lisbon anaonyesha mahali dhahabu ilipofikia. Yeye wa Kilwa anaweza kuonyesha bandari ilikotoka, na kueleza ilichukuliwaje.