Ukibana sana, inalegea: historia ya mdomo wa risasi

Umewahi kujiuliza ni nini hasa kinachokishikilia kichwa cha risasi kabla haijafyatuliwa? Hakijaunganishwa kwa moto wala kukazwa kwa skrubu. Kinashikwa na ganda la shaba njano lililokizunguka, basi. Sasa swali ni hili: mdomo wa ganda hilo ubane kiasi gani? Jibu lilibadilika bastola zilipoanza kujipakia zenyewe, na wanaojaza upya maganda yaliyotumika bado wanajikwaa hapohapo.

Enzi ya ukingo

Tuanze na bastola za silinda za karne ya 19. Ganda la risasi zake lina ukingo mpana kwenye kitako, kama kisahani chini ya kikombe. Ukiitumbukiza risasi kwenye tundu la silinda, ukingo unakwama nje na risasi inasimama. Kusimama huko si jambo dogo: risasi ikizama mno, pini haiigongi sawasawa.

Kwa kuwa ukingo ulibeba kazi hiyo, mdomo ulibaki huru, na mafundi wakaukunja kuelekea ndani, ukazama kwenye mfereji uliozunguka kichwa. Mkunjo huo ulikuwa na sababu. Bastola ikifyatuliwa hurudi nyuma kwa kishindo, lakini kwa sababu ya inesha vichwa vya risasi zilizobaki hutaka kukaa palepale vilipokuwa. Ni kama abiria aliyesimama basi likiondoka ghafla. Bila mkunjo, kichwa huchomoza taratibu mpaka silinda inagoma kuzunguka.

Bega, kisha mdomo

Mwaka 1893 Hugo Borchardt alileta bastola inayojipakia yenyewe. Kwenye magazini risasi hupangwa moja juu ya nyingine, na ukingo mpana hunasa wa jirani. Risasi yake basi haikuwa na ukingo uliotokeza. Ganda lilikuwa na umbo la chupa, na bega la chupa ndilo lililoisimamisha ndani ya chemba.

Georg Luger aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1902 alichukua ganda la chupa la milimita 7.65, akaipanua shingo yake ipokee kichwa cha milimita 9. Unaona kilichotokea? Shingo ilipopanuka, bega likatoweka! Hakuna ukingo, hakuna bega. Kilichobaki kuisimamisha risasi ni mdomo wenyewe, unaogota kwenye kingazi chembamba ndani ya chemba. Ukuta wa ganda pale mdomoni una unene wa kama milimita 0.3 tu. John Browning alitumia njia hiyohiyo kwa risasi ya .45, iliyopitishwa na jeshi la Marekani pamoja na bastola ya M1911.

Kalibu mpya

Marekani, kujaza upya maganda ni burudani ya kawaida ya wapenda shabaha. Aliyezoea risasi za silinda akiukunja mdomo wa milimita 9 vilevile, anaharibu kituo cha risasi. Ndiyo maana hutumika kalibu ambayo ndani yake hupungua upana polepole. Haikunji. Inanyoosha tu mdomo uliokuwa umetanuliwa kidogo ili kichwa kiingie. Huteremshwa kwa kuizungusha kidogo kidogo, mpaka kipenyo cha mdomo kisizidi milimita 9.65 na risasi iingie kwenye chemba kwa uzito wake yenyewe.

Kwa nini usikaze zaidi?

Hapa ndipo penye utamu. Wengi husema: "Si bora nikaze, kichwa kisitikisike?" Wasiwasi wao ni wa kweli. Risasi inapopakiwa, pua yake hugonga njia ya kuingilia kwenye chemba. Kichwa kilicholegea husukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda kwa kasi, na bastola inaweza kupasuka mkononi.

Lakini hebu jaza ugali kwenye chupa laini ya plastiki, uiminye, kisha uachie. Plastiki inarudi, ugali unabaki umebonyea, na katikati pana uwazi. Shaba njano ni kama ile plastiki: ina unyumbufu. Madini ya risasi, yaliyokipa kitu hiki jina lake kwa Kiswahili, ni kama ugali. Ukibana kupita kiasi, vyote viwili vinabonyea, ila ganda pekee ndilo linalorudi. Kumbe umekilegeza kichwa ulichotaka kukikaza!

Mshiko wa kweli hutoka kwenye ukuta wa ganda unaokikumbatia kichwa kwa urefu wote uliozama, na huo hupatikana mapema, ganda linaposinywa kwenye kalibu ya kwanza. Kama hapo hakuna mshiko, kalibu ya mwisho haiwezi kuuleta.