Miaka 30 ya kioo cha kamera, na picha tunazozifuta

Machi 2025 ilitimia miaka 30 tangu kampuni ya Casio ya Japani itoe QV-10, kamera ya kwanza ya kidijitali ya bei ya mtu wa kawaida kuwa na kioo mgongoni. Iliuzwa yen 65,000. Kioo chenyewe kilikuwa cha inchi 1.8, kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, lakini kiligeuza kazi nzima. Kabla yake mpiga picha alibonyeza akamwachia Mungu. Baada yake alibonyeza, akainama, akatazama.

Nenda harusi yoyote leo, iwe Tandale au Kisauni. Bibi harusi anashuka garini, mpiga picha anabonyeza mara tatu, anainama, anakikinga kioo kwa kiganja ili jua lisimnyime kuona, anatikisa kichwa, na kidole gumba kinakwenda moja kwa moja kwenye kitufe chenye alama ya pipa la taka. Makala haya yanahusu kioo hicho, na zaidi yanahusu kitufe hicho.

Zamani za mkanda mambo yalikuwa mengine. Mkanda ulibeba picha 36, na mpaka usafishwe hakuna aliyejua kilichomo. Mafundi wa studio kama Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, walipima mwanga kwa jicho na uzoefu, wakampanga mteja, wakamwambia apite siku nyingine. Aliyefumba macho alichukua picha yake amefumba macho.

Hamu ya kuona papo hapo ni ya siku nyingi. Mwaka 1943, Mmarekani Edwin Land alikuwa mapumzikoni Santa Fe na binti yake wa miaka mitatu. Mtoto akauliza kwa nini hawezi kuiona picha aliyopigwa sasa hivi. Land alilishughulikia swali hilo mpaka Februari 1947, alipowaonyesha wanasayansi picha iliyojitokeza kwa dakika moja, na Novemba 1948 kamera yake ya Polaroid ikaanza kuuzwa Boston. Watu wa studio waliipenda kwa sababu yao wenyewe: walipiga Polaroid moja kwanza, wakakagua mwanga na vivuli, ndipo wakatia mkanda wa kazi.

Mwaka 1975 kijana wa kampuni ya Kodak, Steve Sasson, aliunda kamera ya kidijitali ya kilo 3.6 iliyotumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Picha ilitazamwa kwenye televisheni. Ya kwanza alimpiga msaidizi wa maabara. Nywele zake zilionekana vizuri, lakini uso ulikuwa chengachenga tupu, na dada huyo akamwambia kazi bado ipo.

Ikafika zamu ya Casio. Mhandisi Hiroyuki Suetaka na wenzake walikuwa wamejaribu kabla na kupata dude zito lililochemka kama nini. QV-10 ilipotoka, kioo kilifanya kazi vizuri, tatizo likawa nafasi. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ndani, haikuwa na kadi ya kubadilisha, na ilijaa kwa picha 96. Zikijaa, usipokuwa na kompyuta ya kuzihamishia, lazima ufute. Hapo ndipo kutazama na kufuta vilipofungwa ndoa, na hadi leo havijaachana, ingawa sababu ya ndoa hiyo ilikwisha zamani.

Hasara ya kufuta haisimuliwi vizuri na yeyote kuliko Dirck Halstead, aliyekuwa mpiga picha wa jarida la Time katika Ikulu ya Marekani. Oktoba 1996 alikuwa Washington kwenye hafla ya chama cha Democratic ya kuchangisha fedha. Rais Bill Clinton alipita kwenye umati akisalimia watu, akamkumbatia msichana mmoja. Halstead alibonyeza kama alivyobonyeza mara nyingi usiku huo. Alitumia filamu ya slaidi. Wenzake wa mashirika ya habari, kwa maelezo yake, walikwishahamia kamera za kidijitali.

Kamera nyingi za kidijitali za waandishi wakati huo hazikuwa na kioo cha kutazamia picha. Mpiga picha alichagua kwenye kompyuta, akatuma mbili tatu ofisini, kisha akafuta kadi ili kesho aitumie tena. Kukumbatiana na mtu asiyejulikana hakukuwa habari, kwa hiyo fremu hizo zilikwenda na maji. Za Halstead zilikwenda sandukuni.

Januari 1998 jina la Monica Lewinsky lilipolipuka duniani kwa kashfa ya mapenzi na Clinton, Halstead aliutazama uso ule akaona anaufahamu, ila hakukumbuka wapi. Akamwajiri mtu wa kupekua hazina yake. Anasema zilipitiwa slaidi zaidi ya 5,000, na katika hizo ikapatikana moja: Clinton amemkumbatia Lewinsky mbele ya watu. Time waliiweka ukurasa wa mbele. Halstead, aliyefariki mwaka 2022, aliirudia hadithi hii miaka yote kwa vijana wa fani: siku unayopiga picha, hujui bado ni picha ya nini.

Kamera ya Nikon D1 ilipokuja mwaka 1999 na kioo cha inchi mbili, uamuzi uliokuwa ukifanyika mezani ulihamia kiganjani, tena kwa sekunde. Mwaka huohuo Robert Deutsch, mpiga picha wa gazeti la USA Today, aliandika kuhusu tabia ya wenzake ya kuinamia kioo. Kwa wapiga picha wa michezo hasara ilikuwa dhahiri: ukiwa umeinama, bao la pili linafungwa. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa na kioo. Mwaka 2016 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa M-D, kamera ya kidijitali isiyo na kioo kabisa. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa na kioo.

Sikubaliani na wanaotaka kioo kiondolewe. Kimewaokoa maharusi wengi na picha za giza, na kijana anayejifunza leo anaelewa kwa siku moja kosa lililomgharimu mwenzake wa zamani mikanda mingi. Kinachoniuma ni hazina. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, alifariki kwenye ajali ya ndege karibu na Komoro Novemba 1996, mwezi mmoja tu baada ya ile hafla ya Washington. Ameacha negativu chungu nzima, na historia ya uhuru wa Afrika Mashariki inaendelea kuchimbwa humo. Kizazi chetu kinapiga picha nyingi kuliko yeye, kisha kinafuta kwenye ngazi za ukumbi. Vyumba vya habari vinahifadhi picha iliyochapishwa, nyingine zinapotea na kadi.

Ndugu mpiga picha, tazama kioo, rekebisha mwanga, rudia kama macho yamefumba. Lakini kitufe cha pipa kiache. Kadi ya siku hizi inabeba maelfu ya picha. Rudi nyumbani, hamishia zote kwenye diski mbili, andika tarehe, mahali na majina ya watu. Nanyi wahariri, wanunulieni vijana wenu diski hizo.